Thamani ya Nyumba na Mahali Iliposimama

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulitambua nusu tu, nalo ni hili: kwa nini nyumba mbili zilizo sawa kwa ukubwa huuzwa kwa bei zisizokaribiana hata kidogo.

Chukueni mfano. Pana nyumba ya Kiswahili katika Kariakoo, mjini Dar es Salaam, nyumba ya zamani yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, na uani pana jiko na choo. Kuta zake ni za miti na udongo uliopigwa lipu, bati lake limeshika kutu, na mlango wa uani haufungi sawasawa. Pana nyumba ya pili huko Chanika, upande wa kusini-magharibi wa mji, nayo imejengwa kwa matofali ya saruji, ina madirisha ya vioo, bati jipya, na kisima chake yenyewe. Mwambieni mtoto wa shule achague iliyo bora. Ataonyesha ile ya Chanika, wala hakukosea. Kisha mwulizeni dalali ni ipi yenye bei kubwa. Ataonyesha ile ya Kariakoo, naye pia hakukosea. Mtu ainunuaye nyumba ile ya Kariakoo hanunui kuta. Mara nyingi huzibomoa mwezi ule ule aliolipa. Anachonunua ni pale mahali.

Basi na tuelewane tangu mwanzo kwamba nyumba ni vitu viwili vilivyoambatana. Kimoja ni jengo, nalo huchakaa: mchwa hula miti, mvua hula lipu, na kila mwaka mwenye nyumba hutoa fedha ili lisianguke. Kingine ni mahali, napo hapachakai, hapachukuliki, wala hapaongezwi. Saruji ikipungua kiwanda hutengeneza nyingine, lakini hakuna kiwanda kitengenezacho Kariakoo ya pili. Mwaka 1826 mkulima mmoja wa Ujerumani, Johann Heinrich von Thünen, alitoa kitabu akaeleza, kwa hesabu za shamba lake mwenyewe, ya kuwa mashamba mawili yenye rutuba moja hayaleti faida moja ikiwa moja li karibu na soko na jingine li mbali, maana gharama ya kuchukua mazao hula faida njiani. Akina mama wetu wauzao mchicha waijua hesabu hiyo bila ya kitabu.

Mji wa Dar es Salaam watufaa sana kuwa darasa la somo hili, kwa sababu umekua upesi na historia yake yaonekana wazi katika mitaa yake. Aliyeuanzisha katika miaka ya 1860 ni Sultani Majid bin Said wa Unguja, naye alipendezwa na bandari iliyotulia. Alipofariki mwaka 1870 mji ulizorota. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo wakayaleta hapo, na tangu hapo ardhi iliyokuwa mashamba ya minazi ikaanza kuwa viwanja vya majumba. Minazi ile haikubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni kilicho jirani yake.

Hapa twataka msikilize kwa makini. Watu hudhani kwamba bei ya mahali hutokana na maumbile peke yake: upepo, bahari, udongo mzuri. Maumbile yana sehemu yake, lakini sehemu kubwa hutengenezwa na wanadamu, na pengine kwa amri. Waingereza walipotawala, katika miaka ya 1920, waliugawa mji sehemu tatu kwa sheria za ujenzi. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya majumba ya Kizungu, pwani penye upepo, ndiyo iliyoitwa Uzunguni. Baadaye ikaendelea mpaka Oyster Bay. Sehemu ya pili ilikuwa ya biashara, na wakazi wake wengi walikuwa Wahindi, watu wakaiita Uhindini. Sehemu ya tatu ilikuwa ya Waafrika, nayo ndiyo Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja wa leo. Hoja iliyotolewa ilikuwa ni afya, yaani kuzuia homa isivuke kutoka mtaa hata mtaa. Mbu hawakusoma tangazo lile. Lakini barabara za lami, taa na mifereji vilielekea Uzunguni kwanza, na huko viliko ndiko bei ilikopanda. Sheria ile ilikwisha ondoka zamani, na mtu wa kabila lolote aweza kukaa Oysterbay au Masaki akiwa na fedha. Hata hivyo bei imebaki ilikowekwa. Barabara ikishatengenezwa, miti ikishapandwa, mabalozi wakishahamia, mtaa huo hujivuta wenyewe.

Kariakoo yenyewe ni ajabu kubwa zaidi, maana haikupendelewa na mtu. Jina lake latokana na Jeshi la Wapagazi, yaani Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Viwanja vilipimwa vidogo vidogo, kwa mistari iliyonyoka, watu wakajenga nyumba za vyumba sita, wakakaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia. Walichokuwa nacho ni soko katikati, na miguu ya watu ikipita mlangoni kutwa. Soko la sasa lenye mapaa yaliyofanana na miavuli lilikamilika katika miaka ya 1970, nalo lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli. Lakini hata kabla ya hapo, mwenye chumba cha mbele kielekeacho barabara alijua kwamba chumba hicho hakipasi kulaliwa. Alikifanya duka. Leo fremu moja ya duka, ambayo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, hupangishwa kwa kodi ipitayo ya nyumba nzima ya pembezoni, na mpangaji mpya hutakiwa kutoa kilemba kwanza kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Juu ya viwanja vile vile vya vyumba sita yamesimama maghorofa.

Hapana budi tuseme neno juu ya waliokuwa na nyumba hizo. Babu alinunua kiwanja au alipewa, akazaa, akafa, nyumba ikawa ya warithi kumi na wawili, watano wao wakiishi ndani. Akija mwenye kutaka kujenga ghorofa huwapa moja katika mawili: fedha taslimu wagawane, au ubia, yaani ajenge yeye na wao wapewe sehemu ya jengo. Fedha taslimu ikigawanywa kwa watu kumi na wawili huonekana nyingi siku ile, na kila mmoja huenda kununua pahali pake huko Chanika au Mbagala. Mwakani ameona ya kuwa alichobadili si nyumba kwa nyumba, bali mahali pa kula kwa mahali pa kulala. Ubia nao una hatari yake, kama mkataba umeandikwa na upande mmoja na kutiwa sahihi na watu wasiousoma. Ndiyo maana siku hizi mwaona nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeandikwa ukutani kwa rangi, NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingi maneno hayo huandikwa kwa ajili ya matapeli; mara nyingine huandikwa na ndugu mmoja kwa ajili ya ndugu zake.

Twende sasa kwenye hesabu, na wanafunzi washike kalamu. Tuseme kuna viwanja viwili vyenye ukubwa mmoja. Kutoka kiwanja cha kwanza mfanyakazi hupanda gari moja tu hadi kazini, na kutoka cha pili hupanda mawili. Tuseme nauli ya kila gari ni shilingi 700, na kazi ni siku 25 kwa mwezi. Wa kwanza hutoa shilingi 1,400 kwa siku, yaani 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Wa pili hutoa mara mbili ya hizo. Katika miaka kumi wa pili amempita mwenzake kwa shilingi 4,200,000, na hapo hatujahesabu watoto waendao shule. Kwa hiyo kama kiwanja cha mbali kilikuwa rahisi kwa shilingi milioni tatu, hakikuwa rahisi. Tena kuna saa. Mtu apotezaye saa mbili zaidi njiani kila siku ya kazi hupoteza saa 600 kwa mwaka, ambazo ni siche na usiku ishirini na tano kamili. Dalali haziandiki saa hizo katika bei.

Kwa sababu hiyo njia mpya ikifunguliwa, bei hubadilika bila ya mtu kugusa tofali. Mwezi wa Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kwenda kati ya Kimara na Kivukoni katika njia yao wenyewe, na watu wa Kimara na Ubungo wakajiona wamesogezwa mjini. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, lilifunguliwa daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, nalo likaitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Kabla yake, mtu wa Kigamboni aliuona mji ng'ambo ya maji, taa zake na saa za meli zake, lakini alingoja pantoni. Pantoni likiharibika alibaki akiutazama. Umbali wake haukuwa wa maili bali wa kungoja. Na Kigamboni hiyo hiyo yatufunza jambo jingine: mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa kujenga mji mpya huko, wenyeji wakazuiliwa kuendeleza viwanja vyao, na miaka ikapita bila ya mji kuonekana, mpaka mpango wenyewe ukapunguzwa. Kwa hiyo hata karatasi ya ofisini ni sehemu ya mahali. Kabla hujanunua, uliza nini kimechorwa juu ya ramani, si nini kinachoonekana juu ya ardhi tu.

Sasa tufike kwenye maji, na hapa hatutakwenda upesi.

Bonde la mto Msimbazi lakata katikati ya mji wa Dar es Salaam. Liko hatua chache kutoka Kariakoo. Mtu akitoka Jangwani hufika sokoni kwa miguu. Kwa hesabu yetu ya nauli, mahali hapo pangekuwa pa bei kubwa kabisa. Lakini pamekuwa pa kodi nafuu, kwa sababu mto hupanda. Maskini alijua hatari hiyo, msimwite mjinga. Alipima chumba cha karibu na kazi kinachoingia maji katika masika, na chumba cha mbali kikavu kinachomla nauli kila siku, akachagua. Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua kubwa isiyo ya kawaida, watu wapatao 40 wakafa, na maelfu wakapoteza makazi. Serikali ikawapa wengi viwanja huko Mabwepande, kaskazini ya mji, mahali pa juu, pakavu. Viwanja vya bure! Hata hivyo baadhi yao waliviuza au kuviacha wakarudi mjini, na watu wakawasema vibaya kwamba hawana shukrani. Sisi twasema, wapeni kalamu wafanye hesabu. Mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki na kuwauza Kariakoo alipewa kiwanja, lakini hakupewa soko, wala nauli ya kilomita zipatazo thelathini. Mwezi wa Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilizobaki zilitiwa alama nyekundu ya X na kubomolewa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa pale Jangwani kwa gharama kubwa, imekwisha ingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Wahandisi walisoma zaidi kuliko muuza samaki, na maji hayakuwaangalia vyeti.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Basi mnunuzi na atafute mkondo kabla ya kutafuta bei. Madalali hupenda kuonyesha viwanja vya bondeni mwezi wa Agosti au Septemba, ardhi ikiwa imekauka na nyasi fupi zimependeza. Usikubali. Nenda mwezi wa Aprili, siku ya pili baada ya mvua kubwa, tena nenda bila ya dalali. Tazama kuta za majirani: maji yakiingia nyumbani huacha mstari wa tope, na mstari huo hubaki hata baada ya kupakwa chokaa. Tazama milango: ukiona watu wamejenga kizingiti cha matofali kirefu kama goti, hawakukijenga kwa urembo. Tazama kama pana matete na magugu ya majini. Kisha muulize bibi mzee wa mtaa ule, umpe heshima yake, ukae naye barazani, usimuulize kama maji hufika, bali umuulize yalifika wapi. Atakuonyesha kwa mkono wake.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuwa karibu mno. Barabara huleta thamani, kwa hiyo mtu hutaka kujenga mlangoni pa barabara. Lakini barabara kuu zina hifadhi yake, na sehemu nyingine hifadhi hiyo ni pana kuliko macho yadhaniavyo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Humo zilikuwamo nyumba nzuri, maduka, na majengo ya ibada. Wenyewe walikuwa wamelipia umeme na maji kwa miaka. Risiti ya umeme haikuwa hati ya ardhi. Mtu aliyejenga hatua mia mbili nyuma ya hapo, ambaye kwa muda mrefu alimwonea wivu jirani yake wa mbele, ndiye aliyekuwa akipokea wageni wa kujihifadhi usiku ule.

Mambo mengine twayapita upesi: shule iliyo karibu hupandisha bei, dampo huishusha; maji ya bomba yatokayo kila siku hupandisha zaidi kuliko sakafu ya marumaru; baa yenye ngoma usiku huwafaa wapangishaji wa vyumba na kuwachukiza wenye watoto. Kaburi jirani huwatisha wengine, lakini kwa maoni yetu hakuna jirani mtulivu kuliko huyo.

Nanyi mkaao vijijini msidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mjini. Kwa muda mrefu sheria yetu ilihesabu kwamba ardhi tupu haina bei. Kilichouzwa ni kilichoendelezwa juu yake, nyumba au msingi au mti. Basi watu wakauziana miembe, na mwembe mmoja ungeweza kufikia bei ya nyumba, mnunuzi asile embe hata moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyokiri kwamba haki ya kutumia ardhi ina thamani yake yenyewe, ingawa ardhi yote imebaki mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Tangu hapo mahali palipo porini leo paweza kuwa na bei kesho, na anayejua habari mapema ndiye apataye. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu tangu mwaka 1973, lakini viwanja vyake vilikaa vimelala mpaka mwaka 2016, serikali ilipoazimia kuhamia kwa kweli. Mji wa ofisi za serikali ukajengwa Mtumba, nje ya Dodoma, mahali palipokuwa pa uwele na mtama.

Kwa hiyo akija mgeni kijijini kwenu, mwenye gari zuri na maneno matamu, akitaka kununua ekari za jiwe na miiba ambazo nyinyi wenyewe hamkuzilima miaka mitano, msifurahi upesi kwamba mmempata mjinga. Muulizeni kwanza nini kinakuja. Nendeni wilayani mkaulize kama pana barabara iliyochorwa, au reli, au kituo, au mgodi. Na kumbukeni ya kuwa ardhi ya kijiji haiuzwi kwa kupeana mikono chini ya mti. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na mkutano usiwe wa watu watatu waliokwisha kunyweshwa soda.

Tumalizie kwa swali tulilolipata kutoka kwa kijana tuliyemfundisha, ambaye sasa ni mwalimu katika shule ya msingi mjini. Amejiwekea akiba ya miaka sita. Dalali amemwonyesha viwanja viwili kwa bei moja. Cha kwanza ni kikubwa, kipo mbali, juu ya mlima, kimepimwa, kina mawe ya mipaka, lakini hakuna gari ifikayo isipokuwa pikipiki. Cha pili ni nusu yake, kipo mwendo wa robo saa kutoka shuleni kwake, hakijapimwa, na nyuma yake pana kijito alichoambiwa kuwa ni mfereji tu. Mke wake apenda cha pili kwa ajili ya watoto. Mama yake apenda cha kwanza kwa ajili ya kuku.

Tulimjibu kwamba asinunue chochote mpaka afanye mambo mawili. La kwanza, apande ile pikipiki kila siku kwa juma zima, alfajiri na jioni, aandike nauli na saa katika daftari. La pili, akakitazame kile kijito mwezi wa Aprili. Juma lililopita alituletea barua. Daftari limejaa, na jumla ya juma moja imemtisha. Mwezi wa Aprili alikwenda pia, siku ya pili baada ya mvua. Akaukuta ule mfereji umefika kwenye papai la jirani, na dalali yule yule amesimama hapo na viatu mkononi, akimwonyesha mteja mwingine kiwanja kile kwa mbali. Fedha zake bado zi benki, na mama yake bado asema juu ya kuku. Ameanza kutafuta cha tatu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kuisoma hati ya kiwanja na ramani yake. Kwaherini.